Mfamasia wetu akitaka kurudi chuoni

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malaria, kuharisha, chanjo na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie shule. Si shule ya watoto, bali ya watu wazima ambao tayari wana shahada mkononi: wafamasia na wanakemia wanaotaka kurudi chuoni kusomea shahada ya pili, au hata ile ya tatu inayompa mtu jina la daktari ingawa hatibu mgonjwa.

Tunalileta jambo hili hapa kwa sababu tumelisikia mara nyingi katika jumuiya ndogondogo, na karibu kila mara linasemwa kwa uchungu. Binti amemaliza miaka minne ya famasia, akamaliza na mwaka mmoja wa mazoezi kazini, akaajiriwa. Wazazi wamepumua. Mdogo wake yuko kidato cha tano, mwingine anangoja ada ya chuo cha ualimu. Mara binti anasema amepata nafasi ya kusoma miaka miwili tena. Baba ananyamaza. Mama anauliza, "Sasa utaolewa lini?" Shangazi naye anasema dawa ni dawa, kuna nini tena cha kusoma?

Swali la shangazi ndilo tungependa kulijibu kwanza.

Sisi wauguzi ndio tunaomtilia mgonjwa dawa mdomoni. Tunasoma jina kwenye kopo, tunaangalia tarehe ya kwisha muda wake, tunatazama kama vidonge vimebadilika rangi au vimeshikana kwa unyevu. Baada ya hapo macho yetu yamefika mwisho. Msimu mmoja wa mvua tulipokea vidonge kutoka kwa muuzaji fulani. Kopo lilikuwa safi, lebo safi, tarehe nzuri. Muuguzi mwenzetu alitia kimoja katika kijiko cha maji ili akilainishe kwa ajili ya mtoto. Kilikaa pale kama kokoto. Tukaviondoa vyote wodini siku hiyohiyo. Lakini tujiulize: kama kingeyeyuka vizuri, na ndani yake dawa ikawa nusu tu ya ile iliyoandikwa, nani wodini angejua? Tungesema ugonjwa umekuwa sugu, na mama wa mtoto angeambiwa akanunue dawa ya bei kubwa zaidi.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kati ya kila dawa 10 moja ni duni au bandia. Na mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70, wengi wao wadogo kabisa, walifariki baada ya figo zao kuacha kufanya kazi. Shirika hilo likatoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizotoka nje ya nchi hiyo. Ndani yake zilikutwa diethilini glikoli na ethilini glikoli, kemikali za viwandani ambazo hutumika hata katika maji ya kupozea injini. Hazina rangi, ni tamu, ni nzito kama gliserini halali. Mama akionja kijikoni haonji tofauti, na muuguzi vilevile. Anayeweza kuzitambua ni mtu mwenye mashine ya kutenganisha kemikali, na aliyefundishwa kuitumia na kuyasoma majibu yake. Katika shahada ya kwanza mtu huonyeshwa kazi hiyo. Kuijua kwa mikono yake mwenyewe, mpaka aweze kusimama mbele ya mwenye kiwanda na kumwambia "hii haiuzwi", kwa kawaida huja baadaye.

Sumu hiyohiyo ilishaua huko Marekani mwaka 1937. Kampuni moja iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi katika diethilini glikoli ili iwe ya maji, ikaiuza bila kupima usalama wake. Watu zaidi ya 100 walikufa, watoto wengi wakiwamo. Uchunguzi mmojawapo ulifanyika Chuo Kikuu cha Chicago chini ya Profesa Geiling, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo msichana kutoka Kanada, Frances Oldham. Alikuwa amekwisha kupata shahada ya pili ya elimu ya dawa, anatafuta ya tatu. (Barua ya kumkubali chuoni ilimwita Bwana, maana profesa alidhani Frances huyu ni mwanamume. Alikwenda hivyohivyo.) Kwa majaribio juu ya wanyama walionyesha kwamba kilichoua ni kile kiyeyushio, si dawa yenyewe. Mwaka 1938 alipata shahada yake, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria kwamba dawa mpya isiuzwe kabla usalama wake haujaonyeshwa.

Miaka 22 ikapita. Mwaka 1960, sasa akiitwa Frances Kelsey, mke wa mtu na mama wa mabinti wawili, aliajiriwa katika idara ya serikali inayokagua dawa. Moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa ombi la kuuza thalidomaidi, dawa ya usingizi ambayo ng'ambo ilikuwa ikipewa pia wajawazito wenye kichefuchefu. Yeye aliona maelezo hayatoshi. Kampuni ilimsukuma zaidi ya mwaka mzima, naye akawa anarudisha karatasi na kudai ushahidi. Wakati huo katika nchi nyingine, Ujerumani hasa, watoto walikuwa wakizaliwa na mikono na miguu isiyokamilika; jumla yao inakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu mtu mmoja aliyesoma sana alikataa kutia sahihi. Shangazi ana jibu lake hapo, na mama naye, kwa lile la kuolewa.

Wako watakaotuambia kwamba Tu Youyou wa China, aliyetuletea dawa ya artemisinini mwaka 1972 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, hakuwa na shahada ya uzamivu. Ni kweli. Lakini alisomea famasia Beijing mpaka mwaka 1955, kisha akakaa miaka mingi ndani ya taasisi ya utafiti, akiwa na wenzake na maabara. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Kijana wetu anayehesabu vidonge dirishani tangu asubuhi hadi jioni hapati chuo cha namna hiyo.

Hapa Tanzania mambo yamesogea. Famasia imefundishwa Muhimbili tangu mwaka 1974, na leo chuo hicho kinatoa shahada za juu pia. Hapohapo ipo taasisi ya tiba asilia inayochunguza mimea ya waganga wetu kwa njia za maabara. Upande wa kemia, Profesa Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichunguza miti ya jamii ya mtopetope wakitafuta kemikali zinazoua vijidudu vya malaria. Kule Moshi, katika Shule ya Famasia ya Kilimanjaro, Sista Zita Ekeocha, mtawa kutoka Nigeria, alishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kuwafundisha Waafrika utengenezaji na udhibiti wa dawa. Na mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, ambayo mwaka uliofuata ilianza kuitwa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa. Ngazi hiyo haifikiwi kwa majengo na magari.

Sasa fedha, maana hapo ndipo baba ananyamazia. Hatutamdanganya mzazi yeyote kwamba shahada ya pili ni nyepesi. Mara nyingi ada ni ya mwanafunzi mwenyewe, na mshahara unaweza kusimama. Ufadhili upo, kama ule wa DAAD wa Ujerumani, ambao husomesha pia watu ndani ya Afrika, na ule wa Jumuiya ya Madola, lakini wanaoomba ni wengi. Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni hili: vyuo vingi vya Marekani huwalipia ada wanafunzi wa uzamivu katika kemia na sayansi ya dawa, na kuwapa posho ya kuishi, wao wakifundisha wanafunzi wadogo au wakifanya kazi ya maabara. Huko mtu huweza kuomba uzamivu akiwa na shahada ya kwanza tu, ingawa huchukua miaka mitano hivi. Kinachotazamwa ni alama zake, barua za walimu wanaomfahamu, na maelezo yake mwenyewe ya nini anataka kuchunguza. Anayewaambia mtume fedha kwa simu ili "apitishe jina" ni mwizi.

Si kila mfamasia anayefaa kwenda. Anayekimbia ukosefu wa ajira, au anayetaka tu jina refu mlangoni, atapoteza miaka na kuwatia wazazi deni. Tungemuuliza kijana swali moja: ni tatizo gani ulilokutana nalo kazini likakunyima usingizi? Akiwa na jibu, hata la kigugumizi, tungemwombea ruhusa kwa wazazi wake. Na kaka zake wenye kazi wabebe ada ya wadogo kwa miaka hiyo miwili. Tumeshangaa mara nyingi jinsi mzigo huo unavyowekwa juu ya binti peke yake.

Nazo hospitali zetu zina sehemu yao. Tunaifahamu moja ambayo mfamasia wake alirudi na shahada ya pili ya ukaguzi wa ubora wa dawa, akakuta nafasi yake imepewa mwingine, naye akawekwa dirishani kugawa vidonge. Alikaa miezi minane, akaondoka. Mkataba wa kurasa mbili kabla hajaenda ungetosha: likizo ya masomo ni ya muda gani, akirudi atashika kazi gani na kwa mshahara upi, atatumikia miaka mingapi, na hospitali itamnunulia vifaa gani vya kupimia dawa. Uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili, na nakala moja ibaki nyumbani kwa wazazi.