Kukiri kwa Walt ndiko mwisho wenyewe

Ndugu mwandishi, umeichambua tamthilia ya Breaking Bad vizuri, ila ile bunduki ya kwenye buti umeipa nafasi kubwa mno. Kabla ya kipindi cha mwisho, 29 Septemba 2013, kila mtu alikuwa na ubashiri wake: mhusika mkuu Walt atakunywa sumu ya risini mwenyewe, au mshirika wake Jesse ndiye atakayemuua. Sumu ikaishia kwa Lydia, mshirika wao wa biashara, na Jesse akakataa kufyatua. Sawa. Kilichonishika mimi ni pale jikoni kwa mkewe Skyler, Walt anapokiri kwamba hakufanya yale kwa ajili ya familia. Alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu aliyapenda. Sikumbuki ubashiri uliogusa hapo. Kukiri huko kulinigusa kwa sababu sisi wa Burnt Forest, hapa Kenya, tuliona nyumba zikichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na waliochoma walisema wanaitetea jamii yao. Mpaka leo sijasikia hata mmoja akikiri kama Walt. Kwa hiyo siafikiani na msomaji wa hapo juu anayedai mwisho ule ulimhurumia muuaji. Shemeji yake Hank keshauawa, mwanawe hataki hata kuisikia sauti yake. Alihurumiwa wapi?