Injini Ishuke, Gari Libaki Juu

CHINI YA BONETI, na Athumani Kibwana

Msomaji mmoja wa Tanga ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 aliyoachiwa na baba yake. Imelala bandani muda mrefu, klachi imekwisha, na oili inavuja pale injini inapokutana na gia boksi. Anajua kwamba injini ya gari lile haitoki kwa juu: hushushwa chini, kisha huvutwa nje kwa nyuma. Spana anazo, shemeji wa kumsaidia anaye, na Jumamosi nzima ni yake. Kinachomnyima usingizi ni kimoja tu: je, injini ikimdondokea?

Haitakudondokea, ndugu yangu. Cha kuogopa ni gari.

Injini ya Beetle, pamoja na mabati yake, dinamo na nyumba ya feni, ina kilo 110 hivi, yaani mifuko miwili ya saruji na ushee. Imeshikana na gia boksi kwa sehemu nne tu, nati mbili chini na bolti mbili juu, zote za spana ya 17. Ukishaiwekea jeki ya magurudumu kwa chini, yenye ubao mpana juu yake, hata mkono ukiteleza itashuka kimo kidogo na kutua. Sasa waangalie wenzetu wanaotoa injini ya Corolla kwa juu. Cheni bloku imefungwa kwenye tawi la mwembe au, mbaya zaidi, kwenye kenchi za banda zilizojengwa kubeba bati tu. Injini inaning'inia usawa wa kifua, na vijana wanne wanaisukuma huku na huku wakiitafutia njia ya kutokea. Huo ndio mzigo unaoweza kumdondokea mtu. Mimi, kama nina uchaguzi, ni wa upande wa kushusha.

Waliounda Beetle walifikiria hivyo hivyo. Gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962 halikuundwa kwa ajili ya watu wenye kreni. Wala haliko peke yake. HiAce za daladala, ambazo injini yake imejificha chini ya viti vya mbele, na Suzuki Carry, hizi tunazoziita Kirikuu, mafundi wengi huzishusha injini kwa chini kwa sababu juu hakuna nafasi. Hata viwandani, magari mengi madogo ya siku hizi huwekewa injini kwa chini: bodi hushushwa juu ya injini na gia boksi vikiwa tayari vimekaa kwenye krosi memba. Anayeitoa kwa chini anarudi njia ile ile iliyoingilia.

Kwa hiyo nisibishane na mtu kuhusu juu au chini. Ninachotaka kubishania ni kitu gani kimeshikilia gari wakati binadamu yuko mvunguni. Pita gereji yoyote ya uchochoroni, iwe Gerezani au Buguruni, utaona miguu imetokeza chini ya gari. Ukiinama kuangalia limekaa juu ya nini, utakuta jeki moja na rimu mbili zilizobebana. Mwenye gari amesimama pembeni anaongea na simu. Ukimuuliza atakwambia fundi wake ni mzoefu. Sawa, lakini uzoefu wa fundi haumo ndani ya jeki. Ndani ya jeki mna oili na sili ya mpira inayoizuia isipite, na sili ikichoka jeki inashuka, mara polepole, mara ghafla. Chombo kile kimeundwa kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi.

Na tofali la saruji lenye matundu naliogopa kuliko hata jeki mbovu. Gogo la mbao likizidiwa hulia na kusagika kwanza, mtu akapata nafasi ya kujitoa. Tofali hupasuka mara moja, bila kutoa taarifa.

Hapa kwenye Beetle kuna mtego ambao wengi hawauoni mpaka wamekwisha kuingia. Injini ikishuka ikiwa bado juu ya jeki, bampa la nyuma linatakiwa liwe limefika karibu sentimita 90 kutoka sakafuni ndipo ipite chini yake. Stendi za kawaida za tani 2 au 3 huishia karibu sentimita 40. Mtu anapima, anaona hazifiki, anatazama ukutani, anaona matofali. Hapo ndipo stendi nzuri iliyonunuliwa kwa pesa halali inapopandishwa juu ya tofali, na faida yake yote ikaishia hapo.

Njia za halali zipo. Ya kwanza ni kutafuta stendi ndefu, zile za tani 6 zinazotumika kwenye malori madogo, ambazo hufika sentimita 60 hivi. Huhitaji tani hizo, unahitaji urefu wake. Ya pili haina gharama: usiitoe injini ikiwa juu ya jeki. Ishushe mpaka chini kabisa, itue juu ya kipande cha plaiwudi kilichopakwa grisi upande wa chini, ondoa jeki, kisha iburute na plaiwudi yake. Umeokoa kimo chote cha jeki. Fungua na bampa, toa kichujio cha hewa na kabureta kabla hujaanza, utaokoa zaidi. La muhimu ni kupima kwa futi kabla ya kugusa nati ya kwanza, siyo injini ikiwa imeshaachana na gia boksi na watu wameanza kusikia njaa.

Stendi zenyewe zichunguzwe. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight ilirudisha kiwandani stendi zake za tani 3 na tani 6 kwa sababu kikamatio kiliweza kuteleza kwenye meno na gari likashuka ghafla. Baadhi ya zile zilizotolewa kama badala yake nazo zikarudishwa, safari hii kwa ubovu wa kulehemu. Ndiyo maana napendelea stendi za pini, ambazo chuma kinapita tundu hadi tundu na jicho linakiona. Na hata hizo, ziongezee kitu: matairi mawili yenye rimu, yalazwe chini ya bodi pembeni mwa stendi. Hayashiki chochote mpaka siku stendi itakaposhindwa.

Zikae wapi? Kwenye Beetle, chini ya lile bomba nene la tosheni linalopita upande hadi upande mbele ya magurudumu ya nyuma. Msiniletee habari za tundu la jeki la pembeni. Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam miaka hamsini limekula chumvi ya bahari, na tundu hilo mara nyingi limebaki rangi tupu. Betri nayo iko chini ya kiti cha nyuma, na asidi yake imekuwa ikiila sakafu ya upande ule toka gari likiwa jipya. Choma kwa bisibisi kabla ya kuamini. Ikipita, ni kutu.

Sakafu ya banda nayo ni ya kuangaliwa. Nyumba zetu nyingi uwanja una mteremko kuelekea getini ili maji ya mvua yatoke, na pevingi zikikaa muda hulegea. Stendi ina miguu minne myembamba. Kwenye mchanga stendi zinazama, tena hazizami sawa. Weka ubao mgumu au bamba la chuma chini ya kila moja.

Halafu kuna hendibreki, ambayo imewadanganya watu wenye akili zao. Hendibreki ya Beetle inashika magurudumu ya nyuma. Ukishayainua nyuma, unayaacha ya mbele yakiwa huru kabisa, na gia uliyotia haina maana tena, kwa sababu nayo inashika hayo hayo ya nyuma. Gari limekaa juu ya stendi mbili na magurudumu mawili yanayotaka kuzunguka. Kwa hiyo ziba matairi ya mbele kwa vigogo, mbele na nyuma ya kila tairi, kabla jeki haijapanda. Ukishalishusha juu ya stendi, lisukume kwa nguvu zako zote, mbele, nyuma na ubavuni. Kama ni la kuanguka, lianguke ukiwa umesimama.

Petroli nitaisema kwa kifupi kwa sababu inajulikana, ingawa watu wanaendelea kuungua. Tangi la Beetle liko mbele na mafuta yanakuja nyuma kwa bomba. Ukivuta mpira wa mafuta bila kuubana, yanakumwagikia kifuani ukiwa chali. Ubane, uuchomoe, uuzibe kwa bolti. Kabla ya hapo nyaya za betri ziwe zimetolewa, na jiko la mkaa liwe upande mwingine wa uwanja. Taa iwe ya betri, siyo balbu ya kuning'iniza itakayopasuka tone la mafuta likiigusa.

Baada ya hayo kazi yenyewe ni ya adabu. Waya wa mafuta unatoka, nyaya za dinamo, koili na swichi ya oili zinatoka zikiwa zimewekewa alama, waya za hita zinatoka. Jeki inawekwa na ubao chini ya tumbo la injini, siyo kwenye kile kifuniko cha duara cha kichujio cha oili chenye nati sita, maana tumbo lile ni la madini mepesi na linapasuka. Nati za chini zinatangulia. Bolti za juu zinahitaji watu wawili, mmoja mvunguni na spana, mwingine ameinama kwenye chumba cha injini akishika upande wa pili, na ile ya kulia ndiyo hiyo hiyo inayoshika stata. Kisha injini inavutwa nyuma sawasawa, sentimita 10 hivi, mpaka shafti itoke kwenye pleti ya klachi. Isiachwe ining'inie kwenye shafti hata dakika moja. Pleti inapinda na utakuwa umeshusha injini bure.

Halafu inafika ile dakika ninayoichukia. Injini iko chini, haipiti kwa vidole vinne tu. Mtu anasema jamani si tunyanyue kidogo. Wanaitwa vijana wa barazani, wanashika chini ya bodi, moja, mbili, tatu, gari linapanda, na yule aliye mdogo kuliko wote anatumwa kuingiza mikono kuivuta injini. Stendi wakati huo hazijagusa kitu. Nyuma ya Beetle isiyo na injini ni nyepesi, kweli, na ndiyo sababu watu hujiaminisha. Lakini wanaume wanne hawachoki sekunde moja kwa wakati mmoja. Kama haipiti, irudishieni ubao, pandisheni gari kwa jeki, stendi zipande tundu moja, mwanze upya. Robo saa hiyo hamtaikumbuka jioni.

Lawama zangu siziweki kwa fundi. Fundi wa mtaani analipwa kwa kazi, siyo kwa saa, na stendi nne nzuri ni bei ya siku kadhaa za kula. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, lakini sijasikia mkaguzi akibisha hodi kwenye uwanja wa mtu Jumapili asubuhi. Mwenye gari ndiye anayemwita fundi nyumbani, ndiye anayemhimiza amalize kabla ya magharibi, na ndiye aliyenunua redio ya gari inayozidi bei ya stendi hizo. Kama hataki kununua, kila mtaa una mtu anayekodisha viti, sufuria na maturubai ya shughuli. Sioni kwa nini bwana huyo asiwe na stendi nne na jeki ya magurudumu pembeni mwa maturubai yake. Wateja atawapata, mimi wa kwanza.

Kwa ndugu yangu wa Tanga limebaki moja, la kurudisha. Klachi mpya ikishafungwa utakuwa umechoka, na injini itakataa kuingia kwa sababu meno ya shafti hayajakutana na ya pleti. Watu hapo huingia mvunguni na kuisukuma kwa magoti, gari zima linatikisika juu ya stendi. Usifanye hivyo. Tia gia, shemeji asimame nyuma ya gari, aingize mkono kwa juu kwenye chumba cha injini na azungushe puli polepole kwa spana huku wewe ukiisogeza injini na jeki kutoka pembeni. Meno yakikutana itateleza na kuingia yenyewe, na mvunguni utaingia mara moja tu, kushika spana ya bolti za juu na kukaza zile nati mbili za chini.