Daftari Tunalo, Lakini Kalamu Ashike Nani?

Ningependa kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo nusura likivunje chama chetu cha Kiswahili, nalo si jingine ila daftari letu la vitabu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Lilikuwa jedwali la mtandaoni katika Google Sheets, ambalo ukiandika kwenye kompyuta hii, mwenzako anaona papo hapo kwenye ile. Mimi kama katibu ndiye niliyelifungua, na kwa ushamba wangu nikawapa wanachama wote ruhusa ya kuhariri. Nilisema, "Sisi ni ndugu, tufichane nini?"

Siku moja mwenzetu akataka majina yafuate alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, akaipanga. Lo! Majina yakahama, vitabu vikabaki pale pale. Aliyekwisha kurudisha Nguu za Jadi akaonekana bado anacho, na aliyekuwa na Bembea ya Maisha akaonekana hana deni. Msichana mmoja akaitwa mbele ya kikao, akaulizwa kitabu kiko wapi. Alilia. Kitabu kilikuwa kabatini. Baadaye tuligundua kwamba programu ile huhifadhi historia ya mabadiliko, tukalirudisha jedwali la awali kwa dakika chache tu. Lakini maneno aliyoambiwa mbele ya watu nani atayarudisha?

Kuna wanaosema dawa ni kurudi kwenye daftari la karatasi, lifungiwe katika dawati la mwalimu mlezi. Nakataa katakata. Wengi wetu tumelelewa na majani chai. Tazama kituo cha kupimia majani: mkulima ana nambari yake, karani anapima, risiti inatoka, mama anaisoma kabla hajaondoka. Karani anaandika kilo lakini hapangi bonasi. Mkulima anaziona kilo zake lakini hawezi kuziongeza. Na hakuna anayenung'unika ati hakuaminiwa. Mbona sisi tushindwe?

Kwenye nambari hapo nikae kidogo. Chepilat iko mpakani, upande huu Bomet, upande ule Nyamira, na wanachama wetu wanatoka pande zote mbili. Tuna kina Chepkoech watatu na kina Kemunto wawili. Sasa ukiandika "Chepkoech, Nguu za Jadi", umeandika nini? Napendekeza majedwali matatu: la wanachama, kila mmoja na nambari yake ya shule; la vitabu, kila nakala na nambari yake; na la uazimaji, lenye nambari hizo mbili na tarehe tu. Jina liandikwe mara moja, mahali pamoja. Huu si uvumbuzi wangu. Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, aliueleza mpango wa namna hii mwaka 1970. Programu kama Airtable zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa ya kuunganisha jedwali na jedwali, lakini hata hii tuliyo nayo itatufaa.

Kisha ruhusa. Watunza kabati wawili wahariri jedwali la uazimaji. Wengine waone, na wakiona kosa waandike maoni pembeni, wasiguse. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na chetu kilikwisha kwenda. Jedwali la wanachama liwe faili ya peke yake, kwa sababu lina nambari za simu za wazazi. Wengine hudhani kuuficha ukurasa ndani ya faili kunatosha. Kuficha si kufunga! Mwenye ruhusa ya kuhariri faili huufichua mara moja.

Sasa nije kwa linaloniuma zaidi. Katika mkutano mmoja mtu alipendekeza tuongeze safu ya kabila, ati tujue kama vitabu vinagawanywa kwa haki. Nia ilikuwa njema, sikatai. Lakini sisi wa mpaka huu hatuhitaji kukumbushwa ya 1992 na ya mapema 2008, nyumba zilipochomwa na majirani wakakimbiana. Isitoshe, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu asili ya kikabila kuwa habari nyeti, na habari za mtoto inazitakia idhini ya mzazi au mlezi. Orodha ya namna hiyo ikishaandikwa, hujui ni nani ataifungua kesho, wala kwa nia gani. Kama tunataka kupima haki, tarehe zipo: nani aliomba lini, naye alipata lini. Hapo upendeleo utaonekana bila kumwuliza mtu anazungumza lugha gani kwao.

Mwenyekiti ameniuliza kama mimi katibu nitabaki na ruhusa ya kufungua kila kitu. La, hasha. Simu za wazazi abaki nazo mwalimu mlezi. Mimi nipewe jedwali la uazimaji zamu yangu ikifika, na siku nitakapoacha ukatibu jina langu liondolewe kabla jua halijatua.