Sahani Moja, Mizani Mbili

Wako watu wapendao kukusanya vyombo vya kale vya kauri vya Kiingereza, hasa sahani za Worcester na Derby zenye rangi ya buluu nzito, nyekundu na dhahabu. Husema kwamba hiyo ndiyo Uingereza halisi. Sina ugomvi na mapenzi yao; ugomvi wangu ni juu ya hilo neno “halisi”.

Mapambo hayo asili yake ni Japani. Mafundi wa Arita walianza kutengeneza kauri mapema katika karne ya 17. Vyombo vyao vilipakiwa katika bandari ya Imari, na mtindo wenyewe ukaitwa Imari hadi leo. Waholanzi wakavichukua kutoka Nagasaki hadi Ulaya. Waingereza walipofungua viwanda vyao katika miaka ya 1740 na 1750, waliiga. Kiwanda cha Bow kilichora kwale wa Kijapani; cha Worcester kikatia chini ya baadhi ya vyombo alama za kubuni, zilizofanana na maandishi ya Mashariki. Je, yuko aliyesema kwamba Waingereza hawana utamaduni? La hasha! Kuiga kwao kuliitwa ustadi.

Sasa tuutazame mwambao wetu. Wazee wetu walipachika mabakuli ya Kichina katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, wakapanga sahani za ng'ambo katika zidaka za nyumba za mawe za Lamu. Lakini waandishi wengi wa enzi ya ukoloni walifundisha kwamba miji hii ni kazi ya wageni, kana kwamba anunuaye bakuli ugenini hawezi kujijengea nyumba.

Mbishi atasema: Waingereza walitengeneza, ninyi mlinunua tu. Vema. Orodha ya mali ya jumba la Burghley, huko Uingereza, iliyoandikwa mwaka 1688, inataja vyombo vya Kijapani. Wakati huo viwanda vya kauri vya Waingereza vilikuwa havijazaliwa. Nao walinunua. Mbona hatujapata kusikia kwamba Burghley ilijengwa na Wajapani?

Ndugu walimu, hizo ndizo mizani mbili tunazopaswa kuzikataa. Hata hivyo, tusiishie katika kulaumu. Waingereza hawakubaki wanunuzi: pale Bow walichanganya udongo na majivu ya mifupa, wakapata kauri yao wenyewe. Taifa halidhalilishwi na kuazima. Hudhalilika likiazima siku zote bila kuongeza lake, na likidharau lile ambalo wazee wake walikwisha kulifanya lao.

Mabakuli mengi ya Kunduchi yamekwisha kubanduliwa, yamebaki matundu. Wapelekeni wanafunzi wakayaone matundu hayo, kisha waulizeni ni nani aliyepaswa kuyalinda.