Si deko, ni joto

La Rioja, kaskazini mwa Hispania, inajulikana kwa mizabibu na mvinyo. Kiangazi kilichopita nilikwenda huko na dada yangu na mwanawe wa miaka sita, mpenzi wa dinosaria. Pale Enciso, nyayo za wanyama hao zimebaki kwenye miamba. Mtoto alizikimbilia moja baada ya nyingine. Saa saba mchana akaketi chini. "Mama mdogo, kichwa kinauma." Dada akasema anadeka. Nami, mwandishi wa afya, nikakubali!

Kumbe ni joto. Mwamba hauna kivuli, na maji tuliyaacha garini. Tulimpeleka kivulini, tukamlowesha shingo, tukampa maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa akachangamka.

Kesho yake tulitoka alfajiri. Mchana ulitukuta ndani ya monasteri ya Yuso, San Millán, iliyo Urithi wa Dunia tangu 1997.

Wazazi, mtoto akilalamika juani, mwaminini kwanza. Akichanganyikiwa au kuzimia, huko Hispania pigeni 112 mara moja. Nyayo zimesubiri zaidi ya miaka milioni 100. Zitasubiri hadi jioni.