Taarifa ya Mashine Haijawa Somo

Shule inapoanza kuweka majina ya wanafunzi, alama za mitihani na barua za wazazi katika programu za wingu, yaani programu zinazokaa katika kompyuta za kampuni iliyo mbali na kufikiwa kwa intaneti, mwalimu huwa amekabidhiwa amana mpya. Kabati la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu lina ufunguo, na anayeushika anajulikana. Wingu lina makomeo mengi yasiyoonekana kwa macho, na aghalabu hapatikani mtu wa kueleza lipi limefungwa na lipi liko wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo suala hili si la mafundi peke yao. Ni la vyuo vya ualimu pia.

Namna linavyofundishwa, kwa maoni yetu, ina kasoro. Mwanachuo husomewa orodha ya maonyo, akaikariri, akaijibu katika mtihani, kisha akaenda kazini bila ya kuwahi kukagua hata komeo moja. Hapana budi tutafute njia iliyo bora.

Kipo chombo kinachoweza kutusaidia. Mwaka 2022 wakala wa Marekani wa usalama wa mitandao, CISA, ulitoa programu huria isiyolipiwa iitwayo ScubaGear. Huendeshwa kwa kuandika amri katika PowerShell. Mkaguzi huandika Invoke-SCuBA na kutaja huduma anayotaka ikaguliwe. Programu husoma mipangilio ya Microsoft 365 ya taasisi hiyo, huilinganisha na viwango vilivyoandikwa, kisha hutoa taarifa ya kanuni moja baada ya nyingine. Haibadilishi kitu, husoma tu. Kanuni iliyotajwa kuwa ni sharti isipofuatwa, huhesabiwa imeshindwa. Ile iliyotajwa kuwa yafaa tu isipofuatwa, hupewa onyo. Nyingine huachiwa mtu azikague mwenyewe. Mwezi Desemba 2024 wakala huo uliziamuru idara za kiraia za serikali kuu ya Marekani zifuate viwango hivyo.

Thamani ya chombo hiki kwa mwalimu haimo katika hukumu za kupita na kushindwa. Imo katika maswali yanayozaliwa nazo. Tuchukue kanuni isemayo kwamba wasimamizi wenye mamlaka yote wasipungue wawili wala wasizidi wanane. Kwa nini asitoshe mmoja? Kwa sababu akiugua, akihama au akisahau neno lake la siri, shule nzima hubaki nje ya mlango wake. Kwa nini wasiwe ishirini? Kwa sababu kila mwenye ufunguo wa milango yote ni njia moja zaidi ya kupita mwizi. Je, shule ya shamba yenye walimu kumi na wawili yafaa iwe na wasimamizi wanane? Hapo mwanachuo huacha kukariri, akaanza kupima.

Tuchukue pia kanuni inayokataza maneno ya siri kuwekewa muda wa kwisha. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kinyume chake. Lakini imeonekana kwamba anayelazimishwa kubadilisha neno lake kila baada ya miezi michache huongeza tarakimu mwishoni, na mwizi analijua hilo. Aliyekariri orodha ya zamani hushangaa. Aliyefundishwa sababu hufuata hoja.

Tunapendekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, kabla ya amri kuandikwa, wanachuo katika makundi waandike wanavyodhani makomeo yalivyo, na kwa nini. Pili, mkufunzi aendeshe amri mbele yao, nao wainakili daftarini. Amri iliyoandikwa yaweza kurudiwa vile vile muhula ujao na taarifa mbili zikalinganishwa, jambo lililo gumu kwa anayejaribu kukumbuka alibonyeza wapi. Tatu, taarifa ichapishwe na kugawiwa, ili hata darasa lenye kompyuta moja lisikose somo. Nne, kila kundi lichague kanuni moja iliyoshindwa, lieleze kwa Kiswahili hatari yake, nani ataumia, nani atairekebisha na lini. Mazoezi haya yafanywe katika taasisi ya majaribio yenye majina ya kubuni. Orodha ya makomeo yaliyo wazi ya shule halisi ni ramani ya mwizi, wala haifai kubandikwa ukutani.

Tumetaja Kiswahili kwa makusudi. Taarifa yenyewe hutoka kwa Kiingereza, na mwanachuo aweza kuisoma kwa sauti nzuri bila ya kuielewa. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwa ajabu ikiwa sisi, kuanzia Vuga mpaka Beit-el-Ras na Tunguu, tutashindwa kueleza kwa lugha yetu tofauti iliyopo baina ya sharti na yafaa.

Watakuwapo watakaosema kwamba viwango hivi ni vya Marekani, na kwamba si kila shule inatumia Microsoft 365. Hoja hizo zina uzito. Kwa wanaotumia Google Workspace, wakala huo huo umetoa programu ya namna hiyo, ScubaGoggles. Ama viwango, si amri kwetu; ni kipimo cha kuanzia mjadala. Tunachokitafuta ni tabia ya kukagua, kuuliza sababu na kutekeleza.

Mkaguzi wa shule akiondoka na taarifa yake ikafungiwa sandukuni, shule haitengenei. Ndivyo ilivyo kwa taarifa ya mashine. Mzazi wa Jambiani au wa Mji Mkongwe anayempeleka mwanawe shule haulizwi kama anakubali alama za mtoto huyo zisomwe na yeyote aliyeangukiwa na kiungo. Yeye hutuamini tu. Yatupasa tuwafunze walimu wanaokuja namna ya kuitunza imani hiyo.