Mkono wa Nani Umeandika?

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana budi kusoma somo la uandishi, awe anasomea uhandisi, uuguzi au biashara. Hufundishwa kupanga hoja, kutaja alikotoa habari, kuandika rasimu, kusahihishwa na kuandika upya. Siku hizi wengi hulisoma mtandaoni kwa kuwa wana kazi au watoto, au chuo kiko mbali. Mwanafunzi hutuma insha yake usiku, na huenda yeye na mwalimu wasionane kamwe.

Wapo wanaodharau masomo ya namna hiyo. Mkristo hana sababu ya kuyadharau. Paulo aliwafundisha waumini wa Roma kwa barua kabla hajakanyaga mji wao, na barua hiyo ingali inatufundisha. Umbali haukuharibu fundisho lake. Kinachoharibu ni udanganyifu, na hapo ndipo jambo hili linapobisha hodi kwetu Kenya.

Kwa miaka mingi vijana wetu, wengi wao wakiwa na shahada lakini hawana ajira, wamewaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. Wengine hupewa hata nywila, wakaingia darasani kwa jina la mtu wasiyemjua. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoifanya biashara ya kuwauzia wanafunzi insha kuwa kosa. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja programu ya ChatGPT, inayotunga insha kwa muda mfupi. Mwandishi wa kukodi amepata mshindani, lakini swali la uaminifu liko palepale.

Vijana husema: sijaiba, nimelipwa jasho langu. Tusiwapuuze. Jasho ni la kweli, na kodi ya nyumba ni ya kweli. Tena Biblia inao walioandika kwa niaba ya wengine. Baruku aliandika maneno ya Yeremia, na Tertio aliandika Waraka kwa Warumi. Lakini Tertio anajitaja waziwazi katika sura ya 16 na kuwasalimu wasomaji. Baruku naye, wakuu walipomuuliza ameandikaje, aliwaeleza bila kuficha. Paulo, katika 2 Wathesalonike 3, anasema salamu ya mkono wake ndiyo alama ya barua zake. Kumwandikia mwenzako si dhambi. Dhambi ni kuuficha mkono ulioandika ili mwalimu adanganyike.

Hasara huwapata wote wawili. Mnunuzi amelipia alama na kupoteza somo. Kesho atakuwa muuguzi anayetakiwa kuandika ripoti ya mgonjwa, na hapo hakuna wa kumwandikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muuzaji naye ana kipaji asichoweza kukitaja kwa mwajiri wala kanisani.

Kanisa nalo lijiulize. Tunapokea zaka ya kijana na kumwombea Mungu amwongezee, bila kumuuliza anafanya kazi gani. Kijana anayeweza kuandika kuhusu historia leo na uchumi kesho ni hazina. Parokia na shule zetu zinahitaji walimu wa ziada, watafsiri na waandishi wa maombi ya ufadhili. Tumpe kazi hiyo, na tumlipe. Hata mwanafunzi wa Marekani anaweza kumlipa kijana huyo amfundishe kuandika, mradi insha iandikwe na mwanafunzi mwenyewe.

Nawe mzazi, kama mwanao anasoma mtandaoni, mwombe akusomee insha yake na akueleze hoja yake. Aliyeandika mwenyewe ataeleza, hata kama kwa kubabaika. Akipata alama mbaya, mkumbushe Yeremia 36: mfalme alikikatakata kitabu na kukichoma moto, lakini Baruku akakiandika tena, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Kuandika upya si aibu.

Mungu atupe mikono isiyoogopa kujulikana. Jumapili njema.